Kumpa Jina Mtoto Asiyelia

Dada yangu aliponiomba nimtafutie mwanawe jina, mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni, na mimi nilikuwa chini ya meza.

Habari ya meza inahitaji maelezo. Jirani yetu wa Nalufenya, mtaa wetu wa Jinja, alikuwa akitwanga karanga, na kinu chake kilikuwa na mlio ambao, kwa mtu aliyetoka Kampala wiki tatu kabla, katika mwaka ule wa vita, haukuwa mlio wa karanga. Nilikuwa nimejifunza kukadiria umbali wa mlipuko kwa kusikiliza tu. Nikasikiliza, nikakadiria mita kumi na mbili, nikaingia chini. Baadaye nilipima kwa hatua, na makadirio yalikuwa sahihi kabisa: kinu kilikuwa mita kumi na mbili.

"Mdogo wangu, ukimaliza shughuli zako huko chini," dada akasema, akiinama kwa taabu kwa sababu ya tumbo lake la miezi minane na nusu, "nina kazi hapa ya mtu aliyesoma."

Kusoma nilikuwa nimesoma, ila sikuwa nimemaliza. Shahada yangu ya pili ilihusu uainishaji wa nyasi za kandokando ya ziwa. Chuo kilipofungwa, chumba changu kiliporwa: likaenda godoro, zikaenda mbao za kukaushia majani, na zikaenda sura tatu za tasnifu, si kwa ubora wa hoja zake bali kwa ubora wa karatasi. Siku niliyoondoka mjini nilinunua karanga za kukaanga zilizofungwa katika ukurasa wangu wa themanini na nne. Niliusoma wote nikiwa nimesimama, nikagundua kosa katika tanbihi ya pili, nikarudi nyumbani Jinja nikiwa na huzuni mbili badala ya moja.

Kazi aliyokuwa nayo dada ilikuwa hivi. Alitaka kwenda Mbale kujifungulia kwa mama mkwe wake, ambaye alikuwa mkunga, kwa kuwa hospitalini siku zile ilibidi mzazi aende na uzi wake, sabuni yake na, kwa maneno ya dada, daktari wake. Mumewe hakuweza kumsindikiza. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi watano walioachwa kulinda mashine za kiwanda cha nguo, zisije zikaenda zilikokwenda taipureta za ofisi, yaani kwa waporaji. Msindikizaji aliyebaki nilikuwa mimi. Na ili kupita vizuizi vya barabarani ilihitajika barua ya njia kutoka ofisi ya gombolola, yaani ya tarafa, yenye muhuri na muda wa siku kumi na nne, kwenda na kurudi.

Neno lililomkaa dada moyoni lilikuwa hilo la mwisho, kurudi. Mama mkwe wake, ambaye uani kwake kila mtu alimwita Mayi, yaani mama, alikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi Jinja: wajukuu walioingia kwake hawakutoka. Tayari alikuwa na watatu wa watoto wake wengine, waliopelekwa "mpaka hali itulie", na kila hali ilipoonyesha dalili ya kutulia, Mayi alikuwa wa kwanza kuitilia shaka.

"Nampenda mkwe wangu," dada akaniambia, "lakini namjua. Nitaingia Mbale na mtoto tumboni, nitatoka na mtoto mgongoni, na baba yake atamshika mwezi huu huu. Nikirudi mgongo mtupu, wewe usinisalimie tena."

Tukaenda gombolola siku ya Alhamisi. Karani alikuwa mtu mfupi aliyependa kuitwa afande, ingawa hakuwahi kuvaa gwanda.

"Wanaoenda?"

"Wawili, afande."

"Wanaorudi?"

"Watatu."

Akaweka kalamu chini. "Sasa hii mtu ya tatu inatoka wapi?"

Dada akajishika tumbo. Karani akalitazama kama unavyotazamwa mzigo uliopitishwa kwa mlango wa nyuma.

"Jina yake?"

"Hajazaliwa, afande."

"Mimi sijauliza kama amezaliwa. Nimeuliza jina. Kule kwa kizuizi, askari atahesabu kichwa: moja, mbili, tatu. Ya tatu haina jina, atasema mmeiba mtoto ya watu."

"Tuandike 'mtoto'," nikapendekeza.

"Mtoto iko mingi."

"Na tukiandika jina la kiume, halafu akazaliwa wa kike?"

"Hapo mtakuwa mmedanganya serikali." Akafikiri kidogo. "Na mtoto pia."

Akatupa hadi Jumatatu tulete jina moja la kuwatosha wote wawili, wa kiume na wa kike, yeyote atakayejitokeza.

Katika taaluma yangu, mmea haupewi jina kabla haujaonekana. Huhitajika kielelezo: jani, shina na, ikiwezekana, ua. Mimi niliombwa kutaja spishi kwa kutazama kanga iliyofunika tumbo. Nilinunua daftari. Ilipofika Ijumaa mchana nilikuwa nimeandika vigezo kumi na kimoja. Cha kwanza, jina likae juu ya mvulana na juu ya msichana bila upande wowote kuchechemea. Cha pili, lisiwe na herufi r wala l, kwa kuwa midomo yetu ya mashariki huzibadilishana kama majirani wabadilishanavyo chumvi. Cha tatu, liweze kuitwa kwa sauti kutoka mlango wa nyuma bila kuleta madhara. Vingine vinane nitavihifadhi, kwa sababu dada aliposomewa cha nne alisema, "Nimekuomba jina. Sikukuomba katiba."

Kigezo cha tatu kilihitaji majaribio. Nilisimama mlango wa nyuma, nikapaza sauti: "Amani! Amani! Amani!" Kinu cha jirani kikanyamaza. Jirani akatoka mbio, mchi mkononi, akiuliza redio gani imetangaza. Mzee wa nyumba ya pili alikuwa amekwisha kumkumbatia mtu ambaye, nilivyofahamu mimi, hawakusemeshana tangu mwaka juzi. Ilinichukua muda kueleza kwamba nilikuwa nikijaribu jina tu. Jirani alirudi kwenye karanga zake, na alivyozitwanga nilijua ni nani aliyekuwa ndani ya kinu.

Nikajaribu Baraka, ingawa kigezo cha pili kilikuwa kimekwisha kulikataa. Akaja kijana wa nyumba ya nne, akasimama mbele yangu na kuuliza ninamtakia nini. Nikamtajia dada jina la Riziki, naye akakataa mara moja. "Kila siku niulizwe Riziki yuko wapi, na mimi sijui!" Bahati lilikuwa jina la mbuzi aliyetuponyoka siku ya Idi, na familia haikuwa imepona.

Jumamosi nilimpelekea shemeji chakula kiwandani. Nilimkuta amekaa juu ya kreti pamoja na fundi wa mashine, mzee wa Kisingasinga, mmoja wa wachache ambao hawakuondoka Wahindi walipofukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuzifanya mashine zile zisikilize. Nikawaeleza tatizo langu, pamoja na vigezo.

"Kwetu jina ni moja, bwana," fundi akasema, akiikunja chapati yake juu ya pilipili. "Mwanamume, mwanamke, jina lile lile. Huko mwisho unaongeza neno la kumtofautisha. Basi."

"Na mnalichaguaje?"

"Tunafungua kitabu kitakatifu, popote kitakapofunguka. Herufi ya kwanza ya ukurasa, jina litaanza na hiyo. Watu wanafurahi, wanakula. Wewe siku ya ngapi leo?"

"Ya tatu. Nina vigezo kumi na kimoja."

Fundi akanitazama, kisha akamgeukia shemeji. "Huyu ndiye aliyesoma?"

"Ndiye," shemeji akajibu, kama mtu anayekiri deni la ukoo.

Kwetu hatuufungui Msahafu kwa namna hiyo, na sikutaka kuanzisha desturi mpya katika mwaka ambao tayari ulikuwa na mambo mapya ya kutosha. Kitabu kingine pekee ndani ya nyumba kilikuwa mwongozo wangu wa nyasi, ambao waporaji waliuacha kwa sababu jalada lake lilikuwa limeliwa na panya. Nikafumba macho, nikaufungua. Herufi ya kwanza ilikuwa N. Kabla akili yangu haijapata nafasi ya kuingilia, mdomo ukasema: Nuru.

"Lina r," nikamwonya dada.

"Wataita Nulu, na atageuka," akasema. "Andika."

Jumatatu karani aligonga muhuri bila kusita. Alikuwa na mjomba Nuru, akasema, na shangazi Nuru, na wote wawili walikuwa wakorofi kwa kiwango kimoja. Nilitoka ofisini nikijisikia kama mtu aliyetetea tasnifu.

Tulipanda lori lililobeba kreti za soda tupu, tukafika Mbale siku ile ile. Mayi alitupokea kwa mikono miwili, akalipapasa tumbo la dada, akatuambia itakuwa Alhamisi. Ikawa Alhamisi, siku ya nne ya barua yetu. Alikuwa msichana. Niliyakumbuka majina yote mazuri ya wasichana niliyoyaweka kando kwa ajili ya mvulana ambaye hakutokea.

"Nuru," dada akasema kwa uchovu, akaomba kalamu, akakata neno "mwanamume" pale karani alipoandika "mwanamume au mwanamke".

Mayi aliisubiri kalamu imalize kazi yake. "Hilo ni la gombolola," akasema. "Sasa tungoje la kwake."

Ndipo nilipojifunza desturi ya nyumba ile. Mtoto akilia, bibi humpakata na kuanza kuwataja marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, kwa kuwa mwenye jina hilo ndiye aliyekuwa akibisha hodi. Mpaka hapo, mtoto havuki lango la ua. Mayi alikuwa Mwislamu wa sala tano, na nilipomwuliza kwa heshima desturi hiyo inasimama wapi karibu na akika ya siku ya saba, alinijibu, "Ya sheikh ni ya sheikh. Hii ni yangu."

Niliona desturi hii haina tatizo. Watoto wachanga hulia, nilijiambia. Ni sifa bainifu ya kundi hilo.

Mtoto huyu hakulia. Alipozaliwa alitoa sauti moja fupi, kama mtu anayekohoa ndani ya mkutano, na kabla Mayi hajaweka sawa orodha yake ya marehemu, alikuwa amelala. Siku ya tano akalala. Siku ya sita akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akaona hapana la kulalamikia. Nilikuwa na daftari langu, na katika safu ya "kilio" niliendelea kuandika "hakuna", "hakuna", "miayo", "hakuna".

Wajukuu watatu walipiga sufuria dirishani. Akatabasamu usingizini. Jogoo wa jirani alifungwa karibu na mlango, akawika hadi sauti ikamkauka, na aliyeteseka nilikuwa mimi. Dada alijaribu kuchelewesha ziwa kidogo, lakini binti yake alimtazama kwa uvumilivu mkubwa na kunyonya ngumi. Mjukuu mmoja alipopendekeza afinywe kidogo, Mayi alimtoa nje kwa sikio. "Kilio cha kufinywa hakina mwenyewe," akasema. "Atakayekuja ni nani? Mfinyaji."

Siku ya kumi dada aliacha kucheka. Siku ya kumi na moja aliniita pembeni.

"Unaona kinachotokea?"

"Naona. Mtoto ana tabia njema isiyo ya kawaida."

"Barua ikiisha, hatupati nyingine. Nimesikia ofisi inafungwa. Baba yake atamwona lini? Akiwa anachunga mbuzi wa Mayi?" Akanitazama moja kwa moja. "Wewe ulitafuta jina siku nne nzima. Tafuta kilio."

Niliahidi. Nilitengeneza hata jedwali la saa ambazo kilio kingetarajiwa. Kilio chenyewe hakikulisoma.

Siku ya kumi na tatu, mchana, majirani wa Mbale walikuwa wakiezeka upya nyumba iliyoporwa hadi paa. Ilikuwa kazi ya kufurahisha kuitazama, na nilikuwa nikiitazama kupitia dirisha huku nikinywa chai. Kisha mabati yote, nadhani yalikuwa kumi, yakateleza kutoka juu kwa pamoja.

Chai ilibaki juu, mimi nikawa chini ya meza. Hilo lilikuwa la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba safari hii sikukadiria umbali. Nilijaribu, na badala ya mita yakaja machozi, na nyuma ya machozi ikaja sauti ambayo sikujua ninayo. Nililia kama mtoto. Nililia kwa ajili ya mabati, na kinu, na Kampala, na ukurasa wa themanini na nne.

Mayi alikuwa jikoni. Kwa siku tisa alikuwa amekaa tayari, majina yamejaa ncha ya ulimi, akisubiri kilio kitoke chumba kile. Kilio kikatoka. Akaja mbio, akapiga magoti, akaona kwamba anayelia ni mtu mwenye ndevu, lakini majina yalikuwa yamekwisha kuanza kutoka, na mkunga wa zamani haachi kazi katikati. Akanishika kichwa. Akamtaja babu wa ukoo. Nikaendelea kulia. Akamtaja ndugu yake babu. Nikazidi. Akamtaja mwingine, na mwingine, na mwingine, na mwingine. Nililia kuwapita wote. Kwenye jina la saba nikanyamaza.

Napenda ieleweke kwamba nilinyamaza kwa mshangao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeelewa kinachofanyika. Pumzi nayo ilikuwa imeniishia, na mtu akitajiwa majina ya kutosha, lazima pumzi imwishie kwenye mojawapo. Maelezo haya niliyatoa papo hapo, nikiwa bado chini ya meza, lakini vigelegele vya Mayi vilikuwa vikubwa mno.

"Ni nani huyo, Mayi?" dada akauliza, mtoto begani.

"Shangazi yake marehemu mume wangu!"

"Shangazi?" nikasema. "Mayi, ni jina la kike?"

"Yeye alikuwa mwanamke. Jina ni jina."

"Mimi ni mtu mzima. Si wa ukoo huu. Na nina jina tayari, lipo hata kwenye barua."

"Hilo waachie askari," akanijibu, akinifuta uso kwa ncha ya leso yake. "Huyu mama ananijia ndotoni tangu mimba ya huyu mtoto. Nilidhani anamtaka mtoto. Kumbe anakutaka wewe."

Dada alikuwa na akili ya haraka kuliko yangu, na hakuwa na daftari. "Kwa hiyo, Mayi, mtoto hana anayemdai?"

Mayi akafikiri. Alitafuta, naona, mahali pa kukataa, asipate. "Hana," akakiri. "Aende na jina la gombolola."

Dada alianza kukunja nepi kabla sentensi haijafika mwisho wake.

"Lakini," Mayi akaongeza, "aliyepewa jina leo havuki lango mpaka siku saba zipite."

Wote wakanigeukia, mtoto akiwa mmojawapo.

"Barua inaisha kesho," nikasema. "Na imeandikwa watatu. Dada, mwambie."

"Pole sana, mdogo wangu," dada akasema, akitafuta pini ya nepi.

Nikatoa hoja tatu, nzuri zote. Mayi alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hata msimamizi wangu wa tasnifu hakulifanya, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto ana mama wa kumnyamazisha. Wewe ukiwa huko chini ya meza, uko na nani?"

Nikabaki.

Asubuhi palikuwa na kuku wa kumuaga dada. Niliona paja moja zuri likija upande wangu, kisha likasita angani. Mayi alikuwa amekumbuka jambo. Wanawake wa zamani wa nyumba ile hawakula kuku, na shangazi, alieleza kwa masikitiko ya kweli, hakuonja kuku maisha yake yote. Paja likaenda kwa mjukuu. Mimi nikaletewa malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga, ambayo marehemu aliyapenda kupita kiasi. Wajukuu watatu waliniamkia "shikamoo, shangazi", na hakuna aliyewakemea.

Yaliyotokea njiani nilisimuliwa na dada baadaye, nilipomaliza siku zangu saba, ambazo Mayi alizihesabu kwa namna yake hadi zikafika arubaini. Kwenye kizuizi, askari aliisoma barua, akamtazama dada na mtoto mgongoni, akahesabu wawili.

"Hapa pameandikwa watatu. Wa tatu yuko wapi?"

"Amebaki, afande. Amepewa jina jana tu, bado haruhusiwi kutoka nje."

Askari akalainika. "Mchanga kabisa! Mpole?"

"Wapi! Huyo analia sana."

Wakafunguliwa njia. Alasiri ile dada alishuka langoni mwa kiwanda na mtoto mgongoni, kama alivyosema. Shemeji alimpokea binti yake vibaya, anasema, kama mtu aliyerushiwa tikiti maji, na mtoto, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapiga ukelele uliowatoa walinzi wote nje. Shemeji alichanganyikiwa. Orodha ya marehemu hakuikumbuka. Akamwita kwa lile lililokuwa kwenye barua, Nuru, Nuru, akitembea naye huku na huku mbele ya lango.

"Akanyamaza?" nilimuuliza dada. Nilikuwa nimetoa daftari. "Jambo hili ni muhimu. Alinyamaza kwenye jina, au baada ya jina?"

"Mdogo wangu," dada akasema, "alikuwa na njaa."